Pikapu ya Athumani Iliyokuwa Ikipungua Oili

Siku niliyowaachia vijana ufunguo wa kabati la spana, Muthama, ambaye sasa ndiye anayeisimamia gereji, alinisindikiza mpaka barabarani. "Mzee Nzioka," akaniambia, "hizi otomatiki bado zinatusumbua. Tuandikie vile ulikuwa ukifanya, hata kama ni kidogo." Nilimjibu kwamba mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Akasema watajikaza kusoma. Basi naandika. Nafasi ninayo ya kutosha, na chumba changu siku hizi kimetulia kiasi kwamba nikikohoa nashtuka mwenyewe.

Sitaeleza nilivyopanda cheo kwa sababu hakukuwa na ngazi. Nilianza nikiwa fundi wa Machakos mjini na nimemaliza nikiwa fundi wa Machakos mjini. Kilichobadilika ni magoti.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa Mzee Ndolo. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufanya kazi Nairobi kwenye gereji moja iliyotengeneza magari ya wageni, na mengi ya magari hayo yalikuwa ya otomatiki, yasiyo na klachi. Machakos wakati huo gari la namna hiyo lilikuwa nadra. Watu waliliita gari la wavivu, halafu likiharibika wanalisukuma mpaka kwa Ndolo wakiwa na aibu kidogo.

Siku ya kwanza nilifika na ovaroli iliyopigwa pasi. Ndolo aliitazama kwa huruma. Hakunipa spana. Alinipa vichupa viwili vilivyowahi kuwa na dawa ya kikohozi, kila kimoja kikiwa na oili kidogo ndani.

"Nusa hii," akasema. "Sasa nusa hii ingine. Inanuka nini?"

"Oili."

"Hapa hata chai inanuka oili. Nusa tena."

Nikanusa tena, nikasema kile cha pili kinanuka mkate ulioungua. Hapo ndipo aliponiuliza jina langu.

"Hiyo ya kwanza ni nzima," akanieleza. "Ni nyekundu na harufu yake iko karibu na tamu. Hiyo ya pili imeungua ndani ya giaboksi. Siku utavuta dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, usikie hiyo harufu, usiahidi mwenye gari kitu. Mwambie utaangalia." Nimeufuata ushauri huo maisha yangu yote, na si kwa magari peke yake.

Gereji yetu ilikuwa kwenye mteremko, na mvua ikinyesha maji yalipita katikati ya uwanja yakibeba nati zetu. Ndolo alikuwa amemwaga simiti kwenye kona moja, pana kiasi cha gari moja tu. Nilimkuta bado anaisawazisha. Aliweka beseni la maji juu yake, akainama kutazama maji yamelala vipi, akaparua, akamwaga tena, mpaka maji yakakaa sawa kila upande. Mafundi wa gereji jirani wakasema Ndolo ametengenezea magari kitanda. Aliwajibu kwamba ni kweli, na wao wakitaka kulala waje.

Sasa Muthama, na wenzako, hapa ndipo mnapokosea. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa, na kwa sababu hiyo kila mtu anadhani oili zote ni hivyo. Oili ya giaboksi ya otomatiki, kwa magari mengi, hupimwa injini ikinguruma na ikiwa imepata moto. Weka gari pahali palipo sawa. Vuta handibreki, kanyaga breki, kisha pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi, ukingoja kidogo kila mara, ili oili ijaze njia zake zote. Rudisha kwenye P, ile ya kuegesha, na uiache injini iendelee. Vuta dipstiki, ipanguse kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ivute tena, ndipo usome. Kitambaa kinachotoa nyuzi kiacheni. Uzi mmoja ukiingia kwenye vali za ndani utakutesa kuliko mkwe.

Kwenye dipstiki mtaona alama za gari baridi na alama za gari moto. Someni za moto. Ikiwa imepungua, ongeza kwa faneli yenye shingo ndefu, kupitia bomba lile lile la dipstiki, kiasi cha glasi ya chai, kisha upime upya. Usizidishe. Ikizidi hutoa povu, na povu haliwezi kusukuma kitu. Kuna aina chache za magari zinazotaka kipimo kingine, kwa hivyo soma kilichoandikwa kwenye dipstiki yenyewe kabla ya kuonyesha ujuzi wako. Na gari likiwa limetoka kupanda mlima na mzigo juani, liache lipumzike kwanza. Oili yenye moto kupita kiasi huvimba, na dipstiki hukudanganya.

Kwa hivyo kazi hii ina kungoja kwingi. Ama unangoja gari lipate moto, ama unangoja lipoe. Mwenye gari naye hana pa kwenda, anakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa pale kando, nawe unakaa kwenye debe. Kazi nyingine za gereji mteja huacha gari na kwenda zake. Hii humweka hapo na wewe.

Ndolo aliugua kifua akafa kabla ya miaka ile ya tisini kwisha. Watoto wake walitaka gereji iendelee, nikabaki nayo. Nilikuwa na vibarua wa kubadilisha matairi na kufungua breki, lakini wa otomatiki nilikuwa peke yangu. Mafundi wa jirani walikuwa watu wazuri na walijua kazi yao, ila otomatiki hawakuitaka. Giaboksi iliponishinda nilikuwa nikigeuka nimwulize Ndolo, nikakuta ukuta. Mtu akijua kitu ambacho hakuna mwenzake wa kukizungumza, hata furaha ya kukipatia haina ladha. Nilikuwa natengeneza gari lililokataa kila mahali, linaondoka vizuri, na mimi nanawa mikono kimya.

Nyumbani kwetu ni Kivaa. Mke wangu, Mama Mumo, alikaa huko na shamba, mimi nikakaa mjini kwenye chumba cha kupanga, na mwisho wa mwezi nikienda. Ndivyo wengi wetu tulivyoishi, na hatukuona kwamba kuna jambo la kulalamikia.

Ilikuwa wakati magari ya mitumba kutoka Japani yameanza kuingia kwa wingi ndipo Bwana Athumani alipoletwa kwangu, akiwa amekaa ndani ya pikapu yake nyeupe, inavutwa kwa kamba. Alikuwa na duka la kamba, misumari na majembe karibu na msikiti. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Machakos, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Kisukari kilikuwa kimemla mguu wa kushoto, ukakatwa juu ya goti. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Ndugu yake alimtafutia pikapu ya otomatiki ili aweze kuendesha kwa mguu mmoja, na kwa pikapu hiyo alifika soko la Tala, Wamunyu na Kivaa kwa siku zake. Dukani peke yake asingeuza vya kutosha kulisha nyumba. Isitoshe, hakuwa mtu wa kukaa dukani.

"Fundi," akaniambia bila kushuka, "wameniambia giaboksi imekufa. Injini inanguruma lakini gari haipandi. Wanataka kunitilia ya klachi. Nikawauliza, hiyo klachi nitaikanyaga kwa mkongojo?"

"Oili wamepima?"

"Wamepima wote. Mpaka yule wa petroli stesheni. Wanasema imejaa."

"Walipima injini ikiwa imezimwa?"

"Sasa itapimwaje tena?"

Tukaisukuma mpaka kwenye simiti. Nikawasha, nikapitisha gia, nikangoja. Kuna jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Injini ikizimwa, oili iliyo juu hushuka chini yote, na dipstiki inaonyesha imejaa hata kama ni pungufu. Nilipoivuta injini ikinguruma, ilikuwa imelowa ncha tu. Nikanusa. Haikunuka kuungua. Nilifurahi, lakini nikakumbuka Ndolo, nikasema tu kwamba nitaangalia.

Mpira unaopeleka oili kwenye rejeta ili ipoe ulikuwa umelegea kwenye kibanio, unatema oili gari likiwa linakwenda na kunyamaza likisimama. Nikaubadilisha. Nikaongeza glasi baada ya glasi, nikipima kila mara, mpaka alama ya juu. Nikamwambia ajaribu. Aliupanda mlima wote wa kuelekea Mumbuni, akageuza, akarudi. Aliposimama hakushuka. Alikaa na mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama mbele, na mimi nikajifanya natafuta spana.

"Alhamdulillahi," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeshaanza kuaga hizo soko."

Nilimfundisha kupima mwenyewe, kwa sababu akikwama njia ya Kivaa hakuna wa kumsaidia. Aliegemea bawa la gari, mkongojo chini ya kwapa, akavuta, akapangusa, akasoma. Alishika haraka. Vijana wenye miguu miwili wamenichukua muda mrefu zaidi.

Kutoka hapo tukawa tunaonana mara moja moja. Akienda soko la Kivaa nilimpa sukari na majani ya chai ampelekee Mama Mumo, naye alirudi na ndengu na habari. Alikuwa na namna yake ya kuzitoa, moja moja, akianza na zile ndogo. Ua wa mbuzi umeanguka upande wa mto. Mvua imegusa tu. Mama Mumo anasema usinunue shati lingine kabla ya kuleta yale mawili ayashone vifungo. Nilikuwa nikicheka peke yangu baadaye nikifunga gereji.

Kisha Mama Mumo akashikwa na homa, na kabla hatujamaliza kushauriana kama apelekwe Machakos, akawa ameenda. Sitaandika mengi hapo. Tulimzika nyumbani Kivaa. Athumani alikuja na pikapu, akakaa juu ya mlango wa nyuma uliofunguliwa, kwa sababu mikongojo yake ilikuwa ikizama kwenye udongo uliochimbuliwa. Mumo, mwanangu, alirudi kazini kwake Mombasa, na dada yake akarudi Mavoko kwa mume wake. Mimi nikarudi mjini kwenye chumba changu.

Majirani na mafundi walinijia wiki za kwanza, kama ilivyo desturi. Baadaye wakaacha, nayo pia ni desturi. Kwetu wanaume hawatembeleani hivi hivi. Ukimwona mwenzako mlangoni, jambo la kwanza ni kumwuliza amekuja na shida gani, na asipokuwa na shida yoyote nyote wawili mnaona haya. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbaya zaidi, maana mwili ulikuwa umezoea kufunga mfuko na kwenda nyumbani. Nilikuwa nafungua gereji hata Jumapili, nikipanga nati kwenye makopo kwa saizi, kisha nazimwaga nazipanga tena. Nilikuwa mpweke, na neno hilo sikulisema kwa mtu.

Mwezi huo huo niliorudi kazini, Athumani aliingia na pikapu.

"Fundi, naona kama imepungua."

Alikuwa ametoka Tala, gari lina moto sana, ikabidi tungoje lipoe. Nikachemsha chai. Alinihadithia habari za watu wawili wa sokoni Tala waliogombania kivuli cha mti mpaka jua likazunguka na kivuli kikaondoka kwa wote wawili. Tulipopima, kweli oili ilikuwa chini ya alama ya juu, kiasi cha glasi moja. Nikaongeza, akaenda.

Mwezi uliofuata alirudi. Imepungua tena, kiasi kile kile. Na uliofuata. Nilitandaza katoni chini ya gari nikaliacha linguruma, nikakuta katoni kavu. Nilibadilisha mpira wa rejeta upya. Nilibadilisha gasketi ya sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi. Nilisafisha giaboksi nzima kwa petroli, nikaipaka poda ya mtoto, maana oili ikivuja hata kidogo huchora mstari kwenye poda. Alienda Wamunyu na poda yake akarudi nayo, imechafuka vumbi tu, hakuna mstari. Nikakagua kama oili inanyonywa na injini, nikitazama moshi na kunusa. Hakuna.

Jambo hilo lilinikosesha raha. Oili haipotei hivi hivi, lazima iwe inakwenda mahali. Nilijua siku moja atakuwa kwenye ule mwinuko wa njia ya Kivaa, na mzigo wa majembe, na giaboksi itaungua. Giaboksi nyingine ya aina ile haikupatikana kwa urahisi. Wangemtilia ya klachi kama walivyotaka mara ya kwanza, na huo ungekuwa mwisho wa Athumani kushika usukani. Nililala nikiifikiria pikapu ya mtu mwingine. Kusema kweli, ilikuwa afadhali kuliko yale niliyokuwa nikiyafikiria kabla yake.

Kila mwezi tukakaa, yeye kwenye kiti na mimi kwenye debe, injini ikinguruma. Alinieleza habari za masoko. Mimi nilimweleza habari za gasketi na za sili, zile pete za kuzuia oili isitoke. Hakuniuliza hata mara moja kama nimezoea kukaa bila mke. Kitu kimoja tu kilinishangaza, na nilikiona bila kukifikiria sana. Kipimo hakikuwahi kushuka chini ya alama ya chini. Gari linalovuja halina adabu ya namna hiyo.

Miaka ikapita namna hiyo, ikafika siku nikaamua.

"Bwana Athumani, lete gari Jumatatu. Nateremsha giaboksi yote, nibadilishe kila sili."

"Hapana."

"Hii kitu itakuungulia njiani."

"Haitaungua. Wewe ongeza tu, Fundi."

"Kuongeza si kutengeneza. Unataka nikae hapa nikiongeza mpaka lini?"

"Mpaka Mungu atakapopenda," akasema, na akatabasamu kidogo.

Tabasamu hilo lilinikasirisha. Nilidhani ananidharau, kwamba baada ya miaka yote hiyo hataki niguse giaboksi yake. Nikamwambia kama haniamini, mafundi ni wengi mjini. Alichukua mikongojo yake, akapanda garini akaenda.

Mwezi uliofuata hakuja. Mwingine pia hakuja. Nilisikia anapita barabarani, maana sauti ya ile injini niliijua, na kila mara nilinyamazisha vibarua ili nisikie kama atapunguza mwendo. Hakupunguza. Nilikuwa nimemfukuza mtu pekee aliyekuwa akikaa nami, na kwa kiburi changu nikawa najiambia kwamba ni suala la ufundi.

Kisha siku moja pikapu ikaingia, ikapanda kwenye simiti yenyewe bila kuongozwa.

"Uvoo waku, Nzioka?" akanisalimu kwa Kikamba, kwa jina langu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Nesa," nikajibu.

"Naona kama imepungua."

Nikachemsha chai. Ilikuwa imepungua glasi moja. Nikaongeza, na habari za sili sikuzitaja tena. Nilijiambia kwamba ikiwa mwenye gari ameridhika kuongeza, basi mimi nitakuwa fundi wa kuongeza. Tukaendelea hivyo, mwezi baada ya mwezi. Nywele zake nyeusi ziliisha, na mimi nikaanza kuvaa miwani kusoma dipstiki.

Baadaye kisukari kikaingia mguu wa pili. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Binti yake mkubwa, Zuhura, ndiye aliyekuja kuniita, lakini nilipofika alikuwa amekata roho. Walimzika siku ile ile, kama ilivyo kwao, kabla ya alasiri. Nilibeba jeneza hatua chache pamoja na wanaume wengine, kisha nikasimama nyuma, kwa sababu sala zao sikuzijua. Nilirudi gereji nikakaa kwenye debe.

Zuhura aliendelea na masoko. Alikuwa amejua kuendesha muda mrefu, akimsaidia baba yake. Arobaini ilipokwisha alileta pikapu aniulize kama inaweza kuvumilia bado safari za Kivaa, maana wajomba zake walimshauri aiuze.

Nikapima. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu kabisa. Nikapangusa miwani, nikapima tena. Ile ile.

"Nani aliongeza?"

"Hakuna mtu."

Sikuamini. Nikamwambia aitumie kama kawaida, halafu airudishe mwezi ujao kabla hajaamua kitu. Alirudi. Alikuwa ameenda Tala, Wamunyu na Kivaa, na mzigo. Tukangoja ipoe, nikapima, na kipimo kilikuwa pale pale nilipokiacha.

"Zuhura," nikamwambia, "iko kitu sielewi. Miaka yote hii ilikuwa ikipungua. Nimetafuta hiyo shida mpaka nikaota. Sasa haipungui hata tone."

Alinitazama kama mtu anayedhani anataniwa.

"Kwani Fundi, si ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Baba alikuwa akiitoa." Akaona kwamba kweli sijui. "Jioni, kabla ya siku ya kuja kwako. Alikuwa na ile sirinji kubwa ya kumwoshea kidonda, na mpira wa dripu. Anaingiza pale kwa dipstiki, anavuta kidogo, anapima, anavuta tena. Mimi ndiye nilikuwa namwashia injini. Alikuwa akisema isipite alama ya chini, isije ikaumia."

"Kwa nini?"

"Nilimwuliza. Akasema Nzioka ukimwuliza hali atakwambia ni nzuri tu. Akasema huwezi kukaa na yeye bila kazi." Zuhura aliangalia chini. "Pole, Fundi. Mimi nilidhani mlikuwa mnajua nyote wawili. Nilidhani ni mambo yenu ya wazee."

Nikarudisha dipstiki mahali pake. Oili ilianza kupungua mwezi ule niliotoka kumzika Mama Mumo. Aliikataa ile Jumatatu ya kuteremsha giaboksi kwa sababu alijua hakuna sili mbovu ndani yake. Na baada ya mimi kumfukuza, mtu yule wa mguu mmoja aliinama tena juu ya injini ya moto na mpira wake wa dripu, ili apate sababu ya kurudi. Nililia mbele ya mtoto wa watu, na sikujaribu kuficha. Alinisubiri mpaka nikamaliza.

Kisha akauliza lile lililomleta. Akataka kujua kama gari ni zima, na kama atakuwa akiileta kila mwezi kama baba yake.

Muthama, swali hilo utaulizwa mara nyingi, na jibu liko kwenye dipstiki. Oili ilikuwa nyekundu, haina harufu ya kuungua, iko kwenye alama yake, na giaboksi ilikuwa inabadilisha gia vizuri bila kushtuka. Nilijua nikimwambia aje kila mwezi atakuja, kwa heshima ya baba yake, na tutakaa pale na kungoja ipoe. Nilitamani sana kumwambia hivyo.

"Haina shida yoyote, mwanangu," nikasema. "Usiiuze. Na usijisumbue kuileta, mpaka mwaka ujao, wakati wa kumwaga oili."

Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.